Punje Hamsini na Nane: Mwongozo wa Fundi Rozari Mwenye Haraka

Umechoka kuuza vocha, mitumba ya mwaka huu imekutoa jasho bila faida, na Oktoba hiyo inabisha hodi. Ni mwezi wa Rozari. Kila jioni jumuiya ndogondogo zitazunguka nyumba hadi nyumba, watu watapiga magoti kwenye mikeka ya wenzao, na kila mkono utatazamwa umeshika nini. Riziki yako iko hapo, ndugu yangu. Sogea nikunong'oneze. Kujua kusali si lazima. Unahitaji plaizi, waya, na sura ya upole.

Kwanza: hesabu, halafu sahau

Rozari ya matendo matano ina punje 59. Ndogo 53 ni za Salamu Maria, kubwa 6 ni za Baba Yetu. Ongeza msalaba na ile medali ya katikati inayounganisha mzunguko na mkia, kazi imekwisha. Fundi mwaminifu huhesabu mara tatu. Wewe hesabu mara moja, tena ukiwa unatazama mpira.

Shanga zikikuishia, usihangaike kurudi sokoni kwa ajili ya moja. Rozari ya punje 58 inasalika vizuri tu. Ila uwe na akili ya kuchagua pa kuibia. Kumi la kwanza usiliguse. Watu bado wana nguvu na kila mmoja anataka sauti yake isikike. La tano pia liache, maana hapo wanahesabu ili waondoke. Ibia kumi la nne. Ikifika hapo mama mwenye nyumba anawaza kama chai itatosha, watoto wamelala chali mkekani, na mwenyekiti wa jumuiya ameshabadilisha goti mara mbili. Nani atajua kwamba zilikuwa tisa?

Pili: shanga ni shanga

Nenda Kariakoo mapema, kabla jua halijawatia wauzaji hasira. Kwenye meza ya shanga mama atakuuliza swali moja: "Za kiuno au za sala?" Usibabaike. Ni karai lilelile na kioo kilekile. Jibu "za sala, mama," kwa sauti ya chini, kichwa umekiinamisha kidogo. Atapunguza bei, nani anataka kubishana na mtu wa Mungu saa mbili asubuhi? Zitakazobaki mtajuana wenyewe, wewe na mkeo.

Sasa nikuonyeshe wanavyofanya wale wenye muda, ili ujue unachokikimbia. Anakata kipande cha waya chenye urefu wa kidole gumba. Anapitisha punje moja. Anakunja waya pale unapochomoza kwenye tundu, anaushika kwa plaizi ya mdomo mwembamba, anauzungusha mpaka upate kitanzi, anakipachika kwenye kitanzi cha punje iliyotangulia, kisha anakibana taratibu hadi ncha isikune ngozi. Hiyo ni punje moja. Zimebaki 58. Wengine hata hapo hawatosheki, huuzungusha mkia wa waya mara tatu shingoni mwa kitanzi ili mtoto akiivuta isiachie. Usiku unakwisha, umeme umekatika na kurudi mara mbili, na mezani kuna rozari moja. Biashara gani hiyo?

Wewe chukua mshipi wa kuvulia. Tunga punje zote kama unatunga samaki, piga fundo, choma ncha kwa kiberiti. Unamaliza kabla ya taarifa ya habari. Mshipi uliombeba changu hautashindwa na Salamu Maria. Najua, utalegea. Lakini utalegea karibu na Kwaresima, na wakati huo wewe utakuwa umehamia kwenye biashara ya matawi.

Tatu: mkono wa nani?

Ipo njia fupi zaidi, na naitaja kwa sababu nimekupenda. Nunua katoni la rozari za plastiki kutoka China. Kila moja ina kijikaratasi. Kitoe. Umekitoa kwa nini? Kwa mkono. Basi umepata rozari ya mkono.

Ukiona dhamiri inakusumbua, pachika punje moja ya mbao kati ya zile za plastiki. Mteja akiuliza ni mti gani, sema mzeituni. Usithubutu kuongeza Bethlehemu. Mafundi wa Bethlehemu wapo kweli, wanachonga mzeituni kweli, na iko siku utamuuzia mtu aliyekwenda kuhiji na kurudi na msalaba wa huko kwenye mkoba. Sema "mzeituni" tu, kisha utazame upande wa kaskazini kwa muda. Amalizie mwenyewe.

Nne: mtakatifu ndiye faida

Hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa ilipolala.

Rozari tupu hushindana na rozari nyingine kwa bei. Rozari yenye mtakatifu haina mshindani, kwa sababu Mkatoliki ana somo wake, yule aliyepewa jina lake ubatizoni, na somo hapunguziwi bei. Siku ya somo hupikwa pilau, wageni huja, picha hupigwa. Muulize mwenye sherehe huyo somo alifanya nini duniani: atakukaribisha soda. Pengo hilo kati ya pilau na jibu ndilo duka lako.

Usinunue medali za kila mtakatifu, utafilisika. Nunua aina chache, ujue kuzisoma kidogo tu kumzidi mteja. Mwanamume aliyempakata mtoto na ua la yungiyungi anaweza kuwa Yosefu, anaweza kuwa Antoni wa Padua. Mwamuzi ni kidevu: Yosefu ana ndevu, Antoni hana. Kwa hiyo nunua Yosefu wengi, uwe na msasa laini nyumbani. Dakika moja ya kusugua, na umepata mtafutaji wa vitu vilivyopotea. Mtawa mwenye msalaba na mawaridi naye ana njia mbili. Anaweza kuwa Teresa wa Mtoto Yesu, yule wa Lisieux aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, au Rita wa Cascia, mwombezi wa mambo yaliyoshindikana. Kinachowatenga ni jeraha la mwiba kwenye paji la Rita. Sindano iliyopashwa moto itakutengenezea jeraha. Wasichana wa kwaya wape Teresa. Mwenye kesi ya kiwanja mpe Rita, na umwongezee bei. Kesi za viwanja zinajulikana.

Utakutana na majina mazito, maana wazee wetu walibatiza kwa kalenda, aliyezaliwa leo akachukua wa leo. Usitetemeke. Skolastika alikuwa dada yake Benedikto, alama yake ni njiwa. Chukua njiwa wa medali zilizobaki za Kipaimara. Pankrasi alikuwa kijana mfiadini wa Roma, basi punje nyekundu. Nyekundu ni ya wafiadini wote, na wafiadini ni wengi, kwa hiyo shanga nyekundu hazikai dukani.

Akija Deogratias, mkalishe. Huyu ni hazina. Wengi hudhani ni maneno ya kushukuru tu yaliyogeuzwa jina, lakini alikuwapo Deogratias askofu wa Karthago. Wavandali walipoiteka Roma mwaka 455 na kuleta mateka kwa merikebu, askofu huyo aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa. Mimi humtaja kila ninapoulizwa kama ni halali kuuza vitu vitakatifu. Ile sehemu ya kwamba fedha yote aliitumia kuwakomboa wale mateka huwa naipita mbio.

Wapo wa kukwepa. Lusia huchorwa ameshika sahani yenye macho mawili. Shanga za macho usizitengeneze, nilijaribu, zilimtazama mteja akarudisha. Laurenti, ambaye mapokeo husema alichomwa juu ya wavu wa chuma, ni msimamizi wa wapishi. Ukining'iniza kijiwavu kwenye rozari, watu wataulizia ndizi na kachumbari.

Kwa vijana mchukue Carlo Acutis, Mwitaliano aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alijua kompyuta na amezikwa kavaa jinzi na raba. Ning'iniza kiatu kidogo cha raba pale penye medali. Mama mtu atanuna, kijana atalipa.

Mashahidi wa Uganda ni soko la Juni, mahujaji wanapotembea kwa miguu hadi Namugongo kwa ajili ya tarehe 3, siku aliyochomwa Karoli Lwanga mwaka 1886. Wakatoliki kati yao ni 22, wote walitangazwa pamoja mwaka 1964. Faida yake: hakuna mteja anayeweza kuwataja zaidi ya watatu. Medali moja yenye watu wengi wadogowadogo inawatosha wote. Akiuliza Kizito ni yupi, gusa aliye mfupi.

Bakhita nitamsema kwa haraka. Alitekwa Darfur akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, hata akalisahau jina alilopewa na mama yake. Hilo tunalomwita walimpa waliomteka, nalo ni la Kiarabu: mwenye bahati. Ndiyo bahati yetu hii hii tunayoitamka kila siku. Kuna fundi niliyemwona ameweka kijimnyororo kwenye rozari yake, eti "ubunifu", na inauzika sana. Nimekufundisha kusugua ndevu za Yosefu bila aibu, lakini ule mnyororo niliushika nikaurudisha mezani. Fanya upendavyo.

Na huyu sasa, nakuomba kama ndugu, asikanyage karakana yako: Floribert Bwana Chui wa Goma. Huyu alikuwa mkaguzi wa ubora wa bidhaa. Ndiyo, umesoma vizuri. Alikataa rushwa, akazuia chakula kilichoharibika kisiingie sokoni, wakamuua mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Mbinguni tulizoea wachungaji, maseremala na wapishi, watu ambao unaweza kuelewana nao. Sasa kumeingia mkaguzi, tena anayejua Kiswahili. Unataka huyo akukodolee macho kutoka kwenye medali wakati unaruka punje ya kumi la nne?

Tano: kijikadi

Kila rozari iambatane na kadi ndogo yenye mstari mmoja. Andika: "Kila fundo limefungwa kwa sala." Hujadanganya. "Mungu wangu, uzi umekatika tena" ni sala, na hutoka moyoni kuliko nyingi.

Sita: baraka

Mteja atauliza kama imebarikiwa. Swali hili limewaangusha wengi. Ukisema ndiyo, umejichongea, kwa sababu katekista yeyote aliye macho anajua kwamba rehema iliyoambatanishwa na kitu cha ibada hukoma kitu hicho kikiuzwa. Kwa maneno ya sokoni, unauza ganda, kiini kimebaki kwenye droo yako ya pesa. Tena kuna yule Simoni wa Samaria katika Matendo ya Mitume, aliyempelekea Petro fedha ili auziwe kipawa cha Roho Mtakatifu. Petro alimjibu vibaya sana, na jina lake limebaki kuwa jina la kosa.

Kwa hiyo jibu: "Imepita parokiani." Ili isiwe uongo, Jumamosi moja beba mfuko wako, ingia lango la parokia, zunguka grotto, msalimu mlinzi, toka lango la pili. Zimepita.

Akitokea padre mwenyewe akakuuliza, mwambie unauza zisizobarikiwa ili waumini wampelekee yeye abariki. Hiyo ndiyo kanuni hasa, na ni sentensi pekee ya kweli utakayoisema wiki nzima. Itakuchosha, pumzika baadaye.

Saba: mjue wa kumuuzia

Mteja bora ni asiyesali. Rozari yake haitakatika milele.

Mwenye gari ataitundika kwenye kioo cha ndani. Huyu mpe yenye punje kubwa zinazong'aa. Anataka trafiki aione kabla hajaona leseni. Kijana ataivaa shingoni juu ya fulana, mpe nyeusi. Mama wa Komunyo ya Kwanza anataka nyeupe yenye kisanduku, na kisanduku ndicho anachonunua, kwa hiyo gharama zako zote ziweke hapo. Kamati ya harusi itaagiza dazeni tatu siku mbili kabla; hapo ndipo katoni la China linapookoa ndoa za watu. Msimamizi wa ubatizo huchagua ya bei ya juu kabisa, mradi bei ibaki imebandikwa kwa bahati mbaya. Ibandike vizuri.

Hawa wote watakusifia. Hakuna hata mmoja atakayefika kumi la nne.

Nane: bibi

Niliacha hili la mwisho kwa makusudi, kwa sababu ungelisoma mapema ungeenda kuuza mahindi.

Atakuja siku ya kazi, asubuhi, peke yake. Viatu vya plastiki, khanga mbili. Atasimama mbele ya meza yako hadi uinue macho.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu." Atafungua fundo kwenye pindo la khanga. Utadhani anatoa pesa. Anatoa rozari yako, ile ya Yosefu aliyenyolewa, na punje zake zimeshaanza kupoteza rangi upande mmoja, upande wa kidole. Wiki tatu tu. Hujawahi kuona rozari yako imepoteza rangi. "Hii inaniibia."

"Inakuibia vipi, bibi?"

"Gumba langu linafika Baba Yetu kabla ya mdomo."

Cheka ukitaka, hatacheka. Mwambie labda macho. Atakwambia macho yamekufa siku nyingi, ndiyo maana anasali kwa gumba, na gumba hilo lilianza kusali kabla mama yako hajavunja ungo. Kisha atashika ile rozari mbele yako na kuitembeza bila kuitazama, punje kwa punje, hadi kwenye kumi la nne, na atasimama palepale. Hapo hapo ulipoibia.

Toa pesa yake haraka. Atakataa. "Hela kaa nayo. Nataka Salamu Maria yangu."

Sasa huna ujanja. Kata mshipi. Kusanya punje zinazokimbilia chini ya meza. Atakusaidia kuzitafuta kwa mguu. Tafuta ya rangi ileile, nawe ulishazimaliza, kwa hiyo utaweka ya bluu katikati ya nyeupe. Mwambie ni ya Bikira Maria. Atasema, "Najua ni ya nini," na hutajua anamaanisha nini. Tunga upya, zote 59, huku amekaa kwenye ndoo yako iliyogeuzwa na wateja wengine wanakuona unahesabu kwa sauti. Piga fundo mara mbili. Usichome kwa kiberiti, atakuuliza kwa nini unachoma.

Ukimkabidhi, hataondoka. Atasema, "Haya, tuijaribu," na atafanya ishara ya msalaba katikati ya soko.

Sikiliza vizuri. Kama ni Alhamisi, na kwangu ilikuwa Alhamisi, atasali matendo ya mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Usijitetee kwamba ulimaliza mafundisho kabla ya mwaka huo. Yeye aliyamaliza kabla ya Uhuru na anayajua yote. Ataanza mwenyewe: ubatizo wa Yesu mtoni Yordani, harusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme. Utaitikia kwa kunung'unika, na mambo yatakwenda. Kisha atafika kwenye ile punje ya bluu, atanyamaza, na atakugeuzia uso wenye macho yale yasiyoona.

"Tendo la nne, mwanangu?"

Ni Kugeuka Sura. Liandike kiganjani tangu asubuhi, tena kwa wino mzito, maana jasho litakutoka.